Jina Lililoshonwa Kiunoni

Kwanza niseme wazi: mimi Netta Gauld sikuiba kilti ya mtu. Nimeshasema hivyo mlangoni kwa Bibi Meg, nimesema kanisani, na leo nasema tena hapa ili yaishe. Kilti, ile sketi ya marinda ya wanaume wa kwetu Uskoti, ililetwa dukani kwangu ndani ya mfuko, pamoja na mashuka mawili na birika lisilo na kifuniko, na kazi yangu ni kupokea mifuko. Naendesha duka la mitumba la kanisa hapa Kinnaty. Kwa miaka kumi na tisa nimefungua mifuko ya watu nikakuta meno ya bandia, barua za wapenzi, na siku moja kobe mzima, hai, anayenitazama.

Lakini habari hii ni ya Dod Tappie, dereva wa gari la mikate.

Kama umewahi kula mkate Kinnaty, basi ulipita mikononi mwa Dod. Saa kumi na moja alfajiri yuko barabarani, saa tatu ameshagawa mikate vijiji vinane na kusikia matatizo ya kila nyumba. Ni mtu mpana, mpole, mwenye uso mwekundu na kofia isiyotoka kichwani. Kofia ina sababu yake. Utosini mwa Dod pana shungi la nywele lililosimama wima na halikubali kulala. Jean, mkewe, Mungu amrehemu, siku ya harusi yao alilipaka maji, akalipaka mafuta, mwisho akalipaka siagi. Keki ilipokatwa lilikuwa limesimama tena, sasa linang'aa. Nilikuwepo, na mbavu ziliniuma wiki nzima.

Jambo la pili: ukimtaja samaki aitwaye samoni mbele ya Dod, atagusa chuma. Sisemi anapenda kugusa chuma. Nasema ni lazima aguse. Anayesema samoni amemaliza, Dod ameshika kitasa, msumari, sufuria, chochote kilicho karibu, na midomo yake inanong'ona, "Chuma baridi." Ukimuuliza kwa nini, anasema baba yake alifanya hivyo, na babu yake pia, basi. Wenzake wa kiwanda cha mikate humsubiri abebe trei tatu za mikate kisha wanaimba samoni, samoni, samoni. Sisi ni watu wa bara, watu wa ng'ombe na shayiri. Tulimwona ana kasoro kidogo, tukampenda hivyo hivyo.

La tatu ni jina. Akina Gauld hapa Kinnaty tunajaza mabasi mawili. Tappie alikuwa Dod na binti yake Ailie, kwisha. Dod alikuwa mtoto wa pekee wa mtoto wa pekee wa mtoto wa pekee. Ukoo mzima ulitoshea kwenye gari la mikate, na mikate yote ikabaki na nafasi yake.

Haya yote hayakuwa na shida mpaka Ailie alipochumbiwa na Struan MacAskill. Kijana mzuri, mrefu, mwenye adabu, kutoka visiwa vya magharibi. Na familia yao inafuga nini? Samoni! Katika nchi yenye kondoo, ng'ombe, mbuzi na nyuki, mtoto wa Dod alikwenda akapenda mtoto wa wafuga samoni.

Mlo wa kwanza wa wakwe ulikuwa balaa. Baba yake Struan alieleza biashara yake kuanzia supu mpaka kahawa, na kila alipolitaja jina la yule samaki, Dod alinyoosha mkono nyuma akagusa kile chuma cha ukutani kinachopasha chumba joto. Mama MacAskill akamhurumia.

"Bwana Dod, unasikia baridi? Nikuletee sweta?"

"La, mama, niko sawa kabisa."

"Na ninyi akina Tappie ni watu wa wapi? Mirabamiraba yenu ni ipi?"

Swali la kawaida hilo kwa watu wa milimani na visiwani. Kila ukoo una tartani yake, mirabamiraba ya rangi zake, na mwanamume huivaa kiunoni siku za heshima. Dod akasema, "Sisi ni watu wa mikate." Meza nzima ikacheka, naye akacheka pamoja nao. Alipofika kwangu jioni ile hakuwa anacheka tena.

"Netta, kanisani upande wa kulia watakaa watu sabini na wawili," aliniambia. "Wanaume wote na kilti zao. Upande wetu ni wewe, dada yake Jean na mumewe, na watu watano wa kiwandani. Na mimi. Tisa."

"Basi tutakaa tumejitanua."

"Usinifanyie mzaha. Nilimsikia Ailie jikoni. Anahesabu majina kwa sauti ya chini. Anafika tisa, anaanza tena."

Hapo mzaha ulinitoka. Mabenchi matupu ya upande wa bibi harusi ni kitu kinachoonekana na kila mtu, hata na mpiga picha. Ailie hakulalamika hata mara moja. Alimwomba baba yake jambo moja tu: "Baba, siku hiyo tu, usiguse chuma. Niahidi." Akaahidi. Hilo ndilo lililomchoma zaidi, kwamba mtoto anamwonea aibu na bado anamwomba kwa upole.

Basi Dod akaomba ruhusa kazini siku mbili, akaenda Edinburgh kwenye ofisi ya kumbukumbu, kutafuta watu wake. Alimpata baba wa babu yake, George Tappie, mtumishi wa shamba, aliyefunga ndoa mwaka 1909. Kabla ya hapo, hakuna kitu. Hakuna Tappie aliyezaliwa, hakuna Tappie aliyebatizwa, hakuna Tappie aliyekufa, nchi nzima. Karani akamwambia labda jina limekosewa. Dod akamjibu kwamba ameishi nalo miaka hamsini na saba, analijua.

"Nimeambulia patupu," aliniambia. "Yule mzee alichipuka shambani. Nitavaa suruali."

"Kodi kilti, Dod. Watu wanakodi kila siku."

"Nikikodi nitakuwa nimeazima babu wa mtu."

Mtu mpole akishikilia jambo, mwachie. Nilimwachia.

Zilibaki siku kumi na mbili ndipo ule mfuko ulipokuja. Kilti ilikuwa chini kabisa, imefungwa kwa jarida la kanisa, inanuka nafthalini ya kufukuza nondo. Nilipoinyanyua mikono ilishuka kwa uzito. Yadi nane za sufu ya zamani, bluu ya kiza na kijani, na mistari miwili myembamba ya njano. Nikaigeuza ndani, kwenye kitambaa cha kiuno, nione kama nondo wamekula. Hapo, kwa uzi mwekundu, mishono midogo ya mtu mwenye subira, palikuwa pameandikwa: J. TAPPIE.

Nilipiga kelele. Mteja aliyekuwa anajaribu viatu alikimbia na kimoja, na hajakirudisha mpaka leo.

Dod hupita dukani Jumanne kuniachia mikate ya jana. Nilimwekea kilti mezani, ndani nje. Alisoma. Akasoma tena, huku kidole kikipita juu ya uzi.

"Netta, utani huu haufai."

"Kama nimeshona mimi, Mungu anipofushe! Tazama uzi huo. Uzi wa namna hiyo haujauzwa tangu mama yangu akiwa mwari."

Akakaa juu ya rundo la viatu. Mimi nikatoa kitabu changu cha tartani, kile kinachonisaidia kupanga bei, nikapekua koo zote moja moja. Hakuna. Mwisho wa kitabu kuna kurasa za mikoa, kwa ajili ya watu ambao hawana ukoo wenye mirabamiraba yake lakini wana kwao. Na hapo ndipo ilipokuwa, na mistari yake miwili ya njano: pwani ya Lennie.

"Pwani?" Dod alikunja uso. "Babu zangu ni watu wa shamba. Yule George, baba alikuwa akisema hata kidimbwi alikizunguka."

"Usibishane na kitambaa. Ivae tuone."

Akaenda nyuma ya pazia. Nilisikia mguno, kisha bizimu ya mkanda ikilia, kisha mguno mwingine. Akatoka. Marinda yote yalikuwa mbele, tumboni, yametanuka kama kinanda cha mkono.

"Dod! Marinda nyuma!"

"Nyuma? Sasa nitayaonaje?"

Nililia kwa kicheko, naye akaanza, tukashikana mabega katikati ya mitumba kama walevi wawili. Tulipoigeuza ikawa haifungi, imepungua vidole vinne. Huyo J. Tappie hakuwa anakula mikate ya bure. Lakini nilipomtazama pale, na soksi zake za kazini na magoti meupe ambayo hayajaona jua tangu shule, nilimwona amesimama kwa namna nyingine. Hakutaka kuivua.

Lile jarida la kanisa lililoifunga lilikuwa la Portlennie, na pembeni mtu ameandika kwa penseli: Meg, 14 Mtaa wa Pwani. Alhamisi, Dod alipomaliza kugawa mikate, tulipanda gari lake tukashuka kwenda baharini. Maili ishirini na sita tu. Dod hakuwahi kufika.

Nyumba za Portlennie zimeipa bahari ubavu, zimebanana, kila moja na rangi yake. Mzee mmoja alikuwa anapaka rangi kizingiti. Nikamsalimu.

"Tunamtafuta Meg wa namba kumi na nne, baba."

"Meg Slater? Yupi?"

"Wako wangapi?"

"Mtaa huu? Saba." Akatikisa brashi. "Namba kumi na nne ni yule mkali. Gongeni, halafu rudini nyuma hatua mbili."

Mlango ulifunguliwa kabla sijarudi hata moja. Bibi kizee wa miaka themanini na sita, mwembamba, kilemba cha kitambaa kichwani, fimbo mkononi. Macho yake yalienda moja kwa moja kwenye kifurushi mkononi mwangu, pindo la kilti likichungulia.

"Kilti ya baba yangu! Wezi wakubwa ninyi!"

"Mwizi nani?" Na mimi nina hasira zangu, sikatai. "Bibi, mfuko uliletwa dukani kwangu mchana kweupe!"

"Umeletwa na mke wa mwanangu nikiwa hospitali napasuliwa goti! Yeye anatupa kila asichoweza kufua. Leta hapa!"

Akavuta upande wake, mimi nikavuta wangu, yadi nane zikafunguka mlangoni. Dod alikuwa katikati, anasema samahani kwa wote wawili kwa zamu.

"Huyu bwana ndiye mwenye haki nayo!" nikasema. "Jina lake ndilo lililoandikwa ndani. Huyu anaitwa Tappie!"

Bibi Meg akaacha kuvuta.

"Hakuna mtu anayeitwa Tappie."

"Mimi naitwa, bibi," alisema Dod. "Dod Tappie. Ni jina la baba yangu."

"Haliwezi kuwa la baba yako wala la nani. Hilo si jina la ukoo, hilo ni jina la utani! Hapa sote ni Slater, wewe kijana. Mtaa mzima. Ukiita Slater mashua zote zinageuka. Ndiyo maana kila nyumba ina jina lake la utani. Kuna Slater Biskuti, kuna Slater Kikohozi, kuna Slater Mungu-Anajua. Sisi wa namba kumi na nne ni Tappie. Maana yake kishungi, kama kuku mwenye..."

Hakumaliza. Alimtazama Dod juu, chini, kisha juu tena, akasimama kwenye kofia.

"Vua kofia yako."

"Bibi, afadhali nisi..."

"Vua!"

Dod akavua. Shungi lilinyanyuka pale pale, wima, jeupe kidogo kwenye ncha.

Fimbo ya Bibi Meg ilianguka. Polepole alifungua fundo la kitambaa chake, akakivuta. Katikati ya nywele nyeupe zilizochanwa vizuri, utosini, lilisimama shungi lile lile. Upepo wa bahari ukayapeperusha yote mawili upande mmoja. 

"Ingieni," alisema Bibi Meg. "Chai ipo."

Jikoni kwake alitukalisha karibu na jiko la chuma, akashika mkono wa Dod na hakuuachia.

"Baba yangu alikuwa James. Alipiga zumari kwenye bendi ya kijiji. Bendi ilikuwa na akina J. Slater wanne, kwa hiyo mama alimshonea Tappie kiunoni ili kilti zisichanganyike. James alikuwa na kaka yake, George. Huyo kwangu ni baba mkubwa, ingawa sikumwona. George alikuwa mtoto wa mvuvi asiyeweza bahari. Anatapika bandarini, mashua haijafungua kamba. Baba yao hakutaka kusikia. Alimpeleka majira matatu. Siku moja huko nje kijana amelala chali, kijani kibichi, wakamuuliza anataka kula nini, naye akalisema lile neno. Ndani ya mashua!"

"Neno gani?" niliuliza.

"Lile. Yule samaki mwekundu."

"Samoni?"

Mikono miwili iliruka kwa pamoja. "Chuma baridi!" alisema Bibi Meg. "Chuma baridi," alisema Dod. Mkono mmoja ulitua juu ya mwingine kwenye mlango wa jiko.

Walibaki hivyo. Bibi Meg alitazama ile mikono, akaanza kutetemeka mabega, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. "Nani alikufundisha hivyo huko kwenye ng'ombe?"

"Baba. Naye alifundishwa na babu."

"Naye na George." Alifuta macho. "Wavuvi hawalitaji hilo jina, mwanangu. Likitajwa, unagusa chuma haraka, la sivyo bahati inaondoka. Siku ile waligeuza mashua, wakarudi na nyavu tupu. Baba yake alimpiga mbele ya watu. Usiku wa siku hiyo George alichukua viatu vyake mkononi akapanda kwenda bara. Huko kwenye soko la vibarua, wakulima wanakochagua watumishi, mkulima akamuuliza jina, naye akajibu kama anavyojibu mtu wa hapa akiulizwa. Akasema Tappie."

"Na wakaandika," alisema Dod.

"Wakaandika. Na sisi tukamtafuta George Slater! Baba alipanda huko kila vuli, miaka, mpaka miguu ikamkataa. Shamba kwa shamba. Mnamjua George Slater? Hatumjui. Alikufa akiamini kaka yake aliikana nyumba yetu." Akamgeukia Dod. "Kumbe alikuwa amelibeba jina la nyumba mgongoni muda wote."

Dod alilia. Mtu mpana akilia jikoni padogo vikombe vinatingishika. Bibi Meg alimpapasa lile shungi, kwa kiganja, kama anamlaza mtoto.

"Nyamaza. Babu yako na mimi ni watoto wa ndugu wawili. Wewe ni mjukuu wangu."

"Mimi nina miaka hamsini na saba, bibi."

"Basi ni mjukuu mzee. Sasa niambie, kilti ya baba yangu ulikuwa unaitakia nini?"

Akamweleza harusi yote, wakwe, mabenchi, yule binti anayehesabu. Bibi Meg alisikiliza huku amekaza mdomo.

"Tisa," alisema. "Tisa! Nyumba ya Tappie!" Aliinuka na goti lake jipya, akafungua dirisha la mtaani, akavuta pumzi, akapiga ukelele nilioamini umefika Norway. Akataja majina manane au tisa. Milango ikaanza kufunguka. Kisha alilifunga dirisha akatuambia tu, "Tutaona." Tulirudi Kinnaty na kilti, kwa sharti kwamba ataifuata mwenyewe.

Dod hakumwambia Ailie. Alisema hawezi kumwahidi mtoto watu halafu watu wasitokee. Mimi nilikesha nikiongeza kipande cha ngozi kwenye kiuno, vidole vinne na kimoja cha keki ya harusi.

Jumamosi ya harusi, saa nane kasorobo, upande wa kulia wa kanisa la Kinnaty ulikuwa umejaa akina MacAskill, magoti matupu benchi kwa benchi. Kushoto tulikaa wanane. Nilijitanua nilivyoweza, nikaweka mkoba wangu mahali pa mtu mmoja na kofia mahali pa mwingine. Mama MacAskill, kwa roho safi kabisa, akaja akaniinamia sikioni.

"Mama Netta, niwahamishe watu wangu kidogo waje kwenu? Pasionekane patupu."

"Asante, dada," nilisema, nikajikaza kisabuni. "Tunao wetu."

Saa mbovu ya kanisa ikagonga saa nane, dakika tano kabla ya wakati wake.  Ndipo nikasikia basi likipiga breki nje, na sauti ya Bibi Meg ikimkemea dereva.

Waliingia wawili wawili, wazee kwa watoto, wameoga, wamevaa mistari miwili ya njano kwa namna yoyote waliyoweza, kilti, skafu, tai, mmoja amejifunga kitambaa cha meza. Sitini na mmoja. Niliondoa mkoba wangu, nikaondoa kofia, mwisho nikasogea mpaka nusu ya mwili ikawa hewani. Na walipokaa, kwa adabu ya kanisani, wanaume wote wakavua kofia. Mama yangu! Vishungi, benchi baada ya benchi, vimesimama kama shamba la vitunguu. Mama MacAskill akarudi upande wake kinyumenyume. Mimi nilibana kicheko mpaka vifungo viwili vikaachia.

Zumari likalia. Dod akaingia na Ailie mkononi, bila kofia, marinda nyuma. Hatua ya tatu akayaona mabenchi akasimama. Ailie naye akasimama. Nilikuwa karibu, nilisikia kila neno.

"Baba, hawa ni nani?"

Dod alimgeukia binti yake.

"Ni sisi," alisema.

Ailie alitazama vichwa vile, kimoja kimoja, kisha akageuka akatazama kichwa cha baba yake. Alikuwa amekitazama maisha yake yote. Mkono ukamwenda mdomoni. Niliona midomo yake inaanza kuhesabu, mmoja, wawili, watatu, ikafika tisa ikaendelea, ikaendelea, mpaka akaacha.

Walifika mbele, kwenye uzio wa chuma wa madhabahu. Mchungaji wetu ni mtu wa bara, hajui hili wala lile. Akatukaribisha wote, kisha akasema angependa kumshukuru Bwana MacAskill ambaye kwa ukarimu wake, wageni wote leo jioni watakula samoni.

Upande wa kushoto wa kanisa ulianguka. Watu sitini na mmoja waliinama kwa mara moja kutafuta bomba la joto linalopita chini ya mabenchi, waliolikosa wakashika ndoano za makoti, waliokosa ndoano wakashika waliolishika bomba. "Chuma baridi!" likapita kanisani kama amina. Upande wa kulia walitukodolea macho.

Dod hakugusa. Alikuwa ameahidi. Mikono yake ilikuwa nyuma, imeshika marinda ya James kwa nguvu, vidole vimekuwa vyeupe. Nilitaka kupiga kelele aguse, lakini ahadi ilikuwa ya mtoto wake, haikuwa yangu.

Ndipo nikauona mkono wa Ailie. Ulikuwa tayari juu ya uzio wa chuma. Sidhani alijua umefikaje pale. Aliutazama, akamtazama baba yake, akakabidhi maua kwa Struan kana kwamba ni mfuko wa mboga. Akaenda nyuma ya Dod, akaifungua ile mikono kidole kwa kidole, akauchukua mmoja akauweka juu ya chuma, chini ya wake.

"Chuma baridi, Baba," alisema.

"Chuma baridi," alisema Dod, kwa sauti kubwa, kwa mara ya kwanza maishani mwake.